Kifyatulio cha Précieuse

Kila Novemba, Waingereza walipoanza kurusha fataki zao, Gustave alikuwa akizima taa ya sebuleni, anaongeza sauti ya redio, kisha anaketi sakafuni nyuma ya kochi mpaka milio iishe. Mkewe, Marie-Claire, hakuwahi kumcheka. Alikuwa akiiweka sinia ya wali kwenye zulia na kuketi naye, wakala pale chini kama watu waliojipendea tu. Walikuwa wametoka Uvira, mashariki ya Kongo, wakapitia kambini, na mwisho wakaletwa Birmingham na kupewa nyumba Northfield, karibu na reli. Gustave alipata kazi kwenye kiwanda kikubwa cha dobi kinachofua mashuka ya hospitali, kule upande wa Harborne. Alikuwa mpole, mchapakazi, mtu asiye na maneno mengi. Basi likija limejaa, aliliacha lipite.

Mtu huyo ndiye aliyejaliwa binti mlenga shabaha.

Précieuse, mtoto wao wa pekee, aligongwa na gari akiwa na miaka kumi na mmoja, akivuka barabara kutoka shule. Mkono wa kulia ulivunjika vibaya. Mifupa iliunga, lakini mishipa ya fahamu ilisuasua, na kidole cha shahada kikabaki kizito kama kimelala usingizi. Mtaalamu wa viungo akamwambia atafute jambo analolipenda ambalo litakifanyisha kazi kidole hicho. Mwingine angejifunza kinanda. Yeye alimfuata rafiki yake wa shule kwenye klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki za hewa, ukumbi wa matofali uliokuwa nyuma ya maduka ya Northfield, akarudi nyumbani uso unang'aa.

"Bunduki?" Gustave aliuliza. Kijiko kilikuwa bado mkononi.

Précieuse alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alisema ni bunduki ya hewa, kirisasi chake hakizidi punje ya kunde, na kinacholengwa ni karatasi tu. Gustave aliweka kijiko mezani, akaingia bafuni, akajifungia. Alipotoka, uso ulikuwa umelowa maji, na Marie-Claire alikuwa amekwisha kumkubalia mtoto.

"Papa Précieuse," alimwambia mumewe wakiwa wawili jikoni, "tangu ile ajali, umeshamuona anacheka namna ile? Umwache."

Akamwacha. Lakini kwa muda wa mwaka mzima hakukanyaga ndani ya ule ukumbi. Alimsindikiza binti yake mpaka mlangoni, akavuka barabara na kusimama kwenye kibanda cha kituo cha basi, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka amalize. Kutoka pale hakusikia kitu. Hata hivyo alikuwa akikaza meno muda wote.

Jioni moja mwanzoni mwa mwaka 2006, mzee mmoja alitoka ukumbini na mwavuli, akavuka barabara na kumjia moja kwa moja. Alikuwa Singasinga wa kilemba cha buluu, ndevu nyeupe. Huyo ndiye Jagdish, kocha wa klabu, mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake hakikumtoka ingawa aliondoka Kenya akiwa kijana.

"Bwana Gustave, mtoto yako iko na jicho," alisema. "Jicho kama hii mimi sijaona miaka mingi. Lakini kidole inachoka. Kifyatulio ya ile bunduki iko nzito kama mlango ya gereza. Yeye navuta, navuta, mkono natetemeka, shabaha naharibika."

Gustave alikijua kifyatulio, kile chuma kidogo kinachovutwa kwa kidole. Alikijua kuliko alivyotaka.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa tunatafuta ingine, laini kidogo. Si lazima ya bei kubwa. Mimi najua fundi mjini, mtu mzuri. Lakini klabu haina pesa ya hiyo mambo, na mtoto chini ya miaka kumi na saba hawezi kununua. Lazima mzazi."

"Mzee, mi ile kitu sijue," Gustave alisema, "na sitake kuijua."

Jagdish hakubishana naye. Alimfunika kwa mwavuli wake, wakasimama pamoja mpaka Précieuse alipotoka akijisugua kidole.

Walipanga kwamba Jagdish angewapeleka kwa gari Jumamosi, kwa kuwa mashindano ya vijana kule Great Barr yalikuwa yamekaribia. Ijumaa Jagdish akapiga simu, sauti imekauka kwa mafua makali, hawezi hata kuinuka. Fundi alikuwa anawangoja, na baada ya hapo angesafiri. Gustave akatazama uso wa binti yake, akatazama dirisha. Asubuhi ya Jumamosi mke wa Jagdish aliwaletea bunduki anayotumia Précieuse ikiwa ndani ya mkoba mrefu mweusi wenye zipu, na Gustave akaubeba yeye, maana sheria ilitaka awe mtu mzima. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyotazamia, na wepesi huo ulimtisha zaidi.

Siku hizo halikuwa jambo dogo kwa mtu mweusi kupanda treni na mkoba wa namna ile. Mabomu yaliyolipuliwa kwenye treni za London yalikuwa hayajatimiza mwaka. Karatasi za ukaazi za familia yao zilikuwa bado kwenye ofisi fulani, na Gustave aliamini kwamba kosa lolote, hata dogo, lingeziharibu zote. Ndani ya behewa aliuweka mkoba katikati ya magoti na kuushika kwa mikono miwili. Mama mmoja aliyeketi mbele yake alihama kiti. Pengine alitaka tu kukaa dirishani, lakini Gustave aliubana mkoba zaidi kwa magoti. Kijasho chembamba kilimtoka, na hakuthubutu kutoa kitambaa mfukoni, asije akaonekana anatoa kitu kingine.

Katika stesheni ya New Street, juu ya ngazi, walisimama polisi wawili na mbwa.

"Tembea tu, Papa," Précieuse alinong'ona. "Hatujafanya kitu."

Gustave alitembea. Mmoja wa wale polisi, mwanamke mwenye nywele fupi, aliuona mkoba, akainua mkono kwa adabu. "Samahani, bwana. Kuna nini humo?"

Kiingereza chote alichokisomea miaka minne kikamruka kichwani. Yaliyomtoka ni maneno ya Uvira: "Ni ya mtoto. Ni ya mtoto tu." Mkoba alikuwa ameuegemeza ukutani, na mikono yake miwili ilikuwa juu, viganja wazi. Hakuna aliyemwamuru kuinua. Watu waliokuwa wanapita wakaanza kupita kwa mbali.

Précieuse ndiye aliyeeleza: bunduki ya hewa, klabu, kocha mgonjwa, fundi anayewangoja. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia. Yule polisi aliwaita pembeni, akafungua zipu, akaangalia bila haraka, akapiga simu kwa fundi, akasikiliza. Mbwa alikuwa amelala, kidevu juu ya kiatu cha yule polisi mwingine.

"Sawa," polisi alisema. "Nendeni moja kwa moja, msiufungue mkoba njiani. Na wewe, bwana, shusha mikono. Hakuna aliyekwambia uiinue."

Lakini mikono haikushuka. Précieuse ndiye aliyeishika, mmoja baada ya mwingine, akaishusha taratibu kama anavyovuliwa mtu koti.

Karakana ya fundi ilikuwa kwenye mtaa wa zamani wa mafundi wa bunduki, nyuma ya katikati ya jiji, ndani ya jengo la matofali meusi kwa moshi wa miaka. Fundi mwenyewe alikuwa Mwingereza wa makamo, aproni imejaa mafuta, miwani minene. Aliwakaribisha bila maneno mengi, akatandika kitambaa kwenye meza yake na kuweka juu yake vifyatulio vitatu.

Cha kwanza kilikuwa cha Kijerumani, cha wachezaji wakubwa. Gustave alipoambiwa bei yake alidhani hakusikia vizuri, akarudiwa, na kikaondolewa mezani hapohapo. Cha pili kilikuwa kipya na rahisi, na Précieuse alikuwa amekisoma kwenye intaneti wiki nzima. Macho yake hayakubanduka hapo. Cha tatu kilikuwa kimekwisha kutumika, kimechakaa rangi, kimetolewa kwenye bunduki ya mtu aliyeacha mchezo. Bei yake na ya kile cha pili zilikaribiana.

"Hiki kipya," Précieuse alisema upesi, "watu wote wanakisifu. Ukikigusa tu, kinaitika."

"Kinaitika mno," fundi alisema. "Tazama."

Alikuwa na bunduki nyingine pale iliyokwisha kufungwa kifyatulio cha namna hiyo. Akahakikisha kwamba haina kitu ndani, akaikoki, akaielekeza kwenye gunia la mchanga, kisha akakigonga kitako chake juu ya kipande cha mpira sakafuni. Mkono wake ulikuwa mbali na kifyatulio.

Tak.

Ulikuwa mlio mdogo, kama wa kufuli. Précieuse aligeuka kumwangalia baba yake, hakumwona. Gustave alikuwa chini ya meza, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa. Alikuwa akipumua kwa mdomo.

Fundi aliganda na bunduki mkononi. Précieuse alipiga magoti.

"Papa. Papa, haina kitu. Ilikuwa tupu."

Gustave alitikisa kichwa. Alijua kwamba ilikuwa tupu. Mwili ndio haukujua. Alipopata sauti alisema kwa Kiswahili, taratibu, akiangalia miguu ya meza: "Baba yako mdogo, Landry. Tulikwambia alikufa kwa malaria."

Précieuse aliinama ili amwone uso.

"Haikukuwa malaria. Tulikuwa tunaenda mji wa Baraka, mimi na yeye, ndani ya kamyo, lori la mizigo. Waaskari wakatusimamisha, wakatukalisha kwenye majani, mstari mmoja. Yule aliyetulinda hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anaongea mambo ya mpira na mwenzake, bunduki iko kwenye magoti yake. Mimi nilikuwa ninaangalia kidole chake tu. Nilijiambia, kidole kikiwa mbali, hatuna shida. Kisha akasimama, kitako kikagonga kamyo." Alishika mguu mmoja wa meza. "Ikalia. Landry alikuwa kando yangu, bega kwa bega. Yule askari alishtuka kuliko sisi. Akasema, 'Imejilia yenyewe.' Akarudia, akarudia. Na alikuwa anasema kweli. Kidole chake kilikuwa mbali."

Précieuse alijiingiza chini ya meza, akaketi kando ya baba yake juu ya vumbi la chuma. Fundi hakuelewa Kiswahili, lakini alielewa vya kutosha. Alifungua ile bunduki, akaiweka kabatini, akakirudisha kifyatulio kipya kwenye mtoto wa meza, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Walikunywa chai yenye maziwa mengi, wote watatu, bila haraka. Kikombe cha Gustave kiligongana na meno yake. Alipomaliza alimwambia binti yake: "Muulize huyu bwana ni kipi kisichoweza kujilia chenyewe."

Fundi alifikiri kabla ya kujibu. Alisema hakuna kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa mtu ambacho angekiapia. Ndiyo maana mtutu hauelekezwi kwa mtu hata siku moja, na kirisasi hakiingizwi mpaka mlengaji awe tayari. "Lakini hiki cha zamani kina hatua mbili," alisema, akikinyanyua kile kilichochakaa. "Ukivuta, kinakuja kwa ulaini mpaka kinafika ukutani. Hapo kinasimama. Ukitaka kupiga, unavuta tena kidogo. Usipotaka, unaachia, kinarudi, na hakuna kilichotokea."

"Kinasimama?" Gustave aliuliza mwenyewe kwa Kiingereza.

"Njoo uone."

Fundi alikifunga kwa muda kwenye bunduki ya Précieuse, akaonyesha kwamba haina kitu, akaielekeza kwenye mchanga. Gustave alifuta kiganja kwenye suruali, akafuta tena. Hakuwahi kugusa kitu hicho katika maisha yake. Alikiweka kidole juu ya chuma, na ubaridi wake ukampanda mpaka kwenye kwapa. Akavuta. Kikaja, laini, kisha kikakwama kwa upole kama mlango uliofika kwenye fremu. Alibaki hapo na moyo unampiga masikioni. Kisha akaachia, na kweli hakuna kilichotokea.

"Gonga," akamwambia fundi.

Fundi akaikoki, akakigonga kitako kwenye mpira. Kimya.

"Nipe mimi."

Gustave akagonga mwenyewe. Aligonga kwa hofu, akagonga kwa nguvu, akagonga kwa hasira, macho ameyafumba, uso umemkunjamana. Bunduki haikulia. Précieuse alikuwa amejishika mdomo.

Ikaja zamu yake. Alifika ukutani vizuri, lakini hatua ya pili ikamshinda; kidole kilianza kutetemeka kabla ya kumaliza. Fundi alizungusha skrubu ndogo, robo ya mzunguko. Kabla Précieuse hajajaribu tena, Gustave aliinyoosha mikono kuiomba bunduki, akaigonga. Kimya. Ndipo akamrudishia. Wakaenda hivyo, skrubu, kugonga, kujaribu, mpaka Précieuse akaweza kuvuta hadi mwisho mkono ukiwa umetulia, tena akarudia bila kuchoka.

"Zungusha tena kidogo," Précieuse alimwambia fundi. "Kiwe laini zaidi."

"Hapana," Gustave alisema. "Hapo hapo."

"Papa, wenzangu wote wanatumia chepesi kuliko hiki!"

"Hapo hapo, mwanangu."

Hakupaza sauti. Précieuse alinuna, akavuta midomo, lakini hakuendelea. Bei ilikuwa ya kufikika na mtu wa dobi, na Gustave akalipa. Alipoambiwa kwamba bunduki itabaki pale ili fundi aimalizie, na Jagdish ataichukua kwa gari akipona, alifunga macho na kushukuru. Walirudi Northfield mikono mitupu, wakapita mbele ya polisi wale wale, na yule mwanamke akawapungia.

Siku ya mashindano, Jagdish aliwapeleka Great Barr, kwenye ukumbi uliokuwa karibu na barabara kuu ya M6, kiasi kwamba uvumi wa malori ulisikika bila kukoma. Alitazamia kwamba Gustave angebaki nje. Gustave mwenyewe alitazamia hivyo. Lakini Précieuse alipofika mlangoni aligeuka, na baba yake akajikuta anaingia. Alishika kiti cha mstari wa nyuma kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye mashua. Bunduki za hewa zilikuwa zikitoa mlio mfupi, puh, kama mtu anayetema kokwa, na kila mlio ulimrusha. Jagdish alimwekea mkono begani na kuuacha hapo.

Précieuse alijipanga. Aliweka shavu kwenye kitako, akatulia. Kutoka pale nyuma Gustave hakuona shabaha wala mtutu. Aliona kidole tu. Kidole kilishuka kwenye kifyatulio, kikavuta, kikafika ukutani, kikasimama.

Wakati huohuo mtu mmoja aliyekuwa akipita nyuma ya viti aliangusha chupa ya chai ya chuma. Ilianguka kwenye saruji kwa kishindo, ikabingirika. Ukumbi mzima ulishtuka. Gustave alikuwa ameshaanza kujishusha sakafuni. Mabega ya Précieuse yaliruka, bunduki ikaruka nayo, na Gustave akakitazama kile kidole akijua, kwa yakini ya mtu aliyewahi kuona, kwamba sasa italia.

Haikulia.

Kidole kilijikunjua, kikatoka. Précieuse aliushusha mtutu, akavuta pumzi ndefu, akaitikia kwa kichwa kitu alichoambiwa na mwamuzi. Kisha akaanza upya, bila haraka. Puh. Jagdish, aliyekuwa akitazama kwa darubini, alicheka peke yake ndani ya ndevu.

Précieuse alishika nafasi ya tano kati ya vijana wengi wenye bunduki nzuri kuliko yake. Njiani kurudi alilalamika kutoka kiti cha nyuma kwamba skrubu ingezungushwa kidogo tu zaidi, angekuwa wa tatu, na kwamba hakuna baba mwingine aliyechagua kifyatulio kwa kukigonga chini. Jagdish alikubaliana naye kwa kila neno, akimkonyeza Gustave. Gustave alikuwa ameshika mkanda wa gari kwa mikono miwili.

"Mzee," alisema ghafla, "simama kidogo."

Jagdish aliegesha kando. Gustave alishuka, akaenda mpaka kwenye ua wa michongoma, akatapika chai yote na mkate wote wa asubuhi. Alikaa ameinama, mikono kwenye mapaja, malori yakivuma nyuma yake. Précieuse aliteremka na chupa ya maji, akamsugua mgongo, akaacha hata malalamiko yake. Gustave alisukutua mdomo, akajifuta, akarudi garini akafunga mkanda.

"Twende," alisema. Kisha, gari lilipokwisha kuingia barabarani, "Yale mashindano mengine ni lini?"